MJADALA: Intaneti ipandishwe Rwenzori na Elgon, au ibaki bondeni?

Wakuu, naleta mada. Agosti 2022 jirani zetu Tanzania walifunga intaneti ya kasi Kilimanjaro, kambi ya Horombo, mita 3,720. Tangu hapo, kila tukikutana wapanda milima wa Kampala hakosi wa kuuliza: na sisi lini? Kilele chetu cha Margherita, huko Rwenzori, kina mita 5,109, ya tatu Afrika, lakini kwenye mabonde ya juu simu inabaki tochi na kamera.

Msimamo wangu: simu ibebwe, intaneti ibaki bondeni. Watu wanachanganya mambo. Ile nukta ya buluu inayokuonyesha ulipo haihitaji bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti yenyewe. Bando linahitajika kupakua ramani tu, na hiyo unaimaliza Mbale kabla hujapanda gari la Budadiri, unakoanzia kupanda Elgon. Ukiiacha simu ihangaike kutafuta mnara usiokuwepo, chaji inakwisha, na baridi inamalizia. Safari moja ya Elgon tulilala Pango la Mude, kama mita 3,500. Mwenzangu aliacha simu kwenye begi. Alilala ina asilimia 60, asubuhi haiwaki. Yangu niliivisha soksi nikalala nayo kifuani.

Halafu kuna mpaka. Karibu na Wagagai, kilele cha Elgon, simu yangu ilinikaribisha Kenya. Miguu iko Uganda, salio limeshavuka! Picha tatu nilizorusha zilikula shilingi 12,000.

Haya, nipingeni.

FORT PORTAL: Kaka, umezungumzia ramani, hujazungumzia mguu uliovunjika. Nukta ya buluu haimwiti mtu. Ukiwa Bujuku, bonde la juu kule Rwenzori, wa kukushusha ni watu wanne na machela, siku nzima au zaidi kwenye matope, na hao lazima wapewe habari kwanza. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ungeokoa nusu siku.

MBALE: Kwa dharura redio ya upepo inatosha, na Elgon hupandi bila askari wa hifadhi. Hao ndio wapewe redio nzuri na betri za akiba. Intaneti ni ya kujionyesha tu. Nimemwona kijana akijirekodi juu ya mbao za kinamasi cha Bigo kule Rwenzori, macho kwenye kioo, akatumbukia hadi kiunoni. Simu ilipona. Buti moja tuliiacha hukohuko.

KASESE: Shikamooni wakubwa. Mimi nabeba mizigo Rwenzori mwaka wa tisa. Nawasoma tangu juu, mnaongelea mgeni na picha zake. Mgeni anapanda mara moja maishani. Sisi tunashinda huko wiki nzima, tukishuka siku mbili tunapanda tena. Mwanangu alilazwa na malaria Jumatatu, habari niliipata Alhamisi niliposhuka kwenye jiwe letu, lile tunalosimama juu yake mkono hewani hadi mtandao ushike. Zikaingia jumbe kumi na moja kwa mpigo. Mke wangu alikuwa ameomba nimtumie pesa ya dawa kwenye simu. Jirani ndiye aliyemkopesha. Sasa huyo mwenye redio ya upepo, redio inatuma pesa?

MBALE: Pole sana ndugu. Hapo sina jibu.

MWANZISHA MADA: Pole, kaka wa Kasese. Nakiri sikulifikiria hilo, na nimepanda mara nne nikibebewa begi na watu kama wewe. Basi nalegeza kidogo: kambini iwekwe, njiani hapana. Ila mnara nao unataka umeme, mafuta au sola chini ya mawingu yale, na hifadhi ya Rwenzori ni Urithi wa Dunia tangu 1994, huwezi kuchimba msingi popote. Gharama zitarudi kwetu, na bando lenyewe linakatwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021.

FORT PORTAL: Mgeni analipa dola kuingia. Zikatwe humo.

KASESE: Zikikatwa humo sawa, lakini neno la siri la hiyo intaneti tupewe na sisi. Jenereta ya kambini tunaibeba sisi mgongoni, na bado tukiomba kuchaji tunaambiwa plagi ni za wageni.