Mjadala: Kylie Minogue alibebwa na tamthilia, au tunamnyima haki yake?

Wadau, naomba hili tuliongee kwa hoja. Kila wakitajwa wanamuziki wa pop waliodumu, jina la Kylie Minogue likifika tu lazima atokee mtu aseme yule ni muigizaji, alipewa nyimbo akaimba, tamthilia ikambeba na maprodyuza wakamalizia kazi. Nimelisikia hili mpaka limenichosha. Msimamo wangu ni kwamba tamthilia ilimfungulia mlango mara moja tu, na baada ya hapo ikawa doa ambalo ilibidi apambane nalo miaka na miaka. Anayeona tofauti aje, lakini aje na hoja.

Kwa wasiomjua vizuri, huyu ni wa Melbourne, Australia, kazaliwa 1968, yuko kwenye runinga tangu utotoni. 1986 akaingia kwenye Neighbours, tamthilia ya majirani wa mtaa mmoja, akacheza kama Charlene, binti fundi magari. Mwaka uliofuata lebo ya Mushroom ikamrekodi akirudia The Loco-Motion, wimbo wa Gerry Goffin na Carole King ambao Little Eva aliuimba 1962, na ukakaa namba moja Australia wiki saba. Hapo ndo akapelekwa London kwa Stock Aitken Waterman, wale maprodyuza watatu waliokuwa wanatoa hiti kila kukicha. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi na wenyewe. Walikuwa wamesahau kabisa kwamba anakuja, binti kakaa anasubiri na ndege ya kurudi nyumbani iko njiani kumwacha, basi wakauandika I Should Be So Lucky kwa kama dakika 40, akaingia, akaimba, akaondoka. Mwanzoni mwa 1988 wimbo huo ukawa namba moja Uingereza wiki tano.

Nakubali, na nakubali kabisa, kwamba hapo Neighbours ilisaidia sana. Wakati uleule BBC walikuwa wameanza kuirudia jioni, watoto wakitoka shule wanaikuta, na ilipofika Novemba 1988 harusi ya Charlene na Scott ikaangaliwa na watu karibu milioni 20 Uingereza peke yake. Albamu yake ya kwanza, Kylie, ikauza kuliko albamu zote nchini humo mwaka ule. Mtu akiniambia mwaka huo jina la Charlene lilikuwa linauza kaseti sibishani naye.

Lakini sasa tujiulize, kama tamthilia ndo siri, mbona wenzake haikuwabeba hivo? Maana Neighbours imetoa waimbaji wengi tu. Jason Donovan, yule Scott mwenyewe aliyemuoa kwenye harusi, alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Kylie: tamthilia ileile, maprodyuza walewale, mashabiki walewale, mpaka wimbo wa pamoja Especially for You ulioshika namba moja Januari 1989. Na albamu yake Ten Good Reasons ndo iliyouza kuliko zote Uingereza 1989, kwahiyo hakuanza nyuma hata kidogo. Ila miaka michache baadaye njia yake ikaelekea zaidi kwenye jukwaa la maonyesho, na huko kafanya kazi nzuri, simdharau. Craig McLachlan alifika namba mbili Uingereza 1990 na wimbo Mona. Stefan Dennis naye alijaribu kuimba 1989. Baadaye wakaja Natalie Imbruglia na Torn 1997, Holly Valance na Kiss Kiss 2002, na Delta Goodrem ambaye kwao Australia ni mkubwa kwelikweli. Wote wamepita mlango uleule. Sasa nitajie kati yao aliyekuwa namba moja Uingereza 1988 na akarudi kushika namba moja tena, iwe kwa wimbo au kwa albamu, 2000, 2001, 2010, 2018, 2020 na 2023. Hayupo. Kama mlango ni mmoja na safari zimetofautiana kiasi hicho, basi kilichotofautisha ni mtu mwenyewe.

Ushahidi mwingine ambao watu wanauruka ni Marekani. Kule Neighbours haikuwa na jina, Charlene hawamjui, fundi magari hawamjui. Bado The Loco-Motion ilifika namba tatu kwenye Billboard, chati ya Marekani, 1988. Halafu akapotea kule zaidi ya miaka kumi, na 2002 akarudi na Can't Get You Out of My Head ikafika namba saba, albamu ya Fever ikavuka milioni moja nchini humo. Hao walionunua walikuwa wanamkumbuka kwa tamthilia ipi?

Najua hoja ya pili inakuja: "sawa, lakini haandiki, anapewa." Hii nataka tukae nayo kidogo maana ndo watu wanakosea zaidi.

Kule kwa Stock Aitken Waterman ni kweli mwanzoni hakuwa na sauti ya maamuzi. Anaitwa, anaimba, anaenda. Ila angalieni kilichofuata, kwenye Rhythm of Love ya 1990 tayari ameanza kuandika baadhi ya nyimbo na watu wengine nje ya wale watatu, Let's Get to It ya 1991 akaongeza, na mkataba ulipoisha akaondoka. Jamani, tuelewane, aliondoka kwenye kiwanda cha hiti. Binti wa miaka ishirini na kitu ambaye kila wimbo wake unaingia chati anaamua kwenda deConstruction, lebo ya muziki wa klabu, ambako hakuna anayemuahidi kitu. 1994 ikatoka Confide in Me, wimbo wenye nyuzi za vayolini kama za mashariki, sauti yake imeshuka chini, anaimba kama anakunong'oneza. Namba moja Australia, namba mbili Uingereza. Mwaka uliofuata akafanya kolabo na Nick Cave, mwimbaji wa rock wa kwao Australia, Where the Wild Roses Grow, wimbo wa mauaji ambao yeye anaimba nafasi ya marehemu, Elisa Day.

Na hapa nisimame kidogo, maana watu wanautaja uigizaji kama aibu. Usikilizeni ule wimbo. Hapandishi sauti, halii, hafanyi mbwembwe. Anasimulia kifo chake mwenyewe kwa utulivu wa mtu ambaye bado haelewi kwa nini kilimkuta, na ndo maana unatisha. Mwimbaji mwenye sauti kubwa kuliko yake angeuharibu pale. Kile ni kipaji cha muigizaji kinafanya kazi ndani ya muziki. Kwahiyo nyie mnaosema "ni muigizaji tu" mnataja silaha yake mkidhani mnataja udhaifu.

Halafu ikaja Impossible Princess, albamu ambayo kila mwenye kumdharau anatakiwa aisikilize kwanza ndo aje hapa. Karibu nyimbo zote kashiriki kuziandika, mbili kati yake na James Dean Bradfield wa bendi ya rock ya Manic Street Preachers, humo ndani kuna gitaa, kuna midundo ya klabu, kuna maneno ya mtu aliyechoka kuambiwa yeye ni nani. Na bahati ikawa mbaya. Princess Diana akafariki Agosti 1997, jina la albamu likaonekana halifai kabisa Uingereza, ikabidi icheleweshwe, na ilipotoka kule Machi 1998 ikapewa jina lake tu, Kylie Minogue. Ilifika namba 10 na haikukaa. Wimbo wa kuitangaza, Some Kind of Bliss, uliishia namba 22. Vyombo vya habari vya Uingereza vikasema amekwisha, anajifanya mtu wa rock, arudi kwenye kucheka na kucheza. Na mwaka huohuo akaachana na deConstruction.

Hebu fikiria hilo kwa makini. Alipoimba alichopewa walisema hana lake. Alipoandika la kwake walisema arudi kuimba anachopewa. Kwa kweli hapo hakuna jibu ambalo lingewaridhisha, na mi naona mwanamuziki wa kiume aliyetoka kwenye bendi huwa hahojiwi hivi, akibadilisha staili anaambiwa amekua.

Akarudi 2000 akiwa lebo ya Parlophone na Spinning Around, namba moja ya kwanza Uingereza baada ya miaka kumi. Ndiyo, wimbo huo mwimbaji wa Marekani Paula Abdul alishiriki kuuandika na ulikuwa wa Paula mwenyewe mwanzoni. Ndiyo, Can't Get You Out of My Head ya 2001 waliandika Cathy Dennis na Rob Davis. Lakini sikilizeni kisa chake: demo ile, yaani rekodi ya majaribio, ilishapita kwa kundi la S Club 7 na kwa mwimbaji Sophie Ellis-Bextor, haikuchukuliwa. Ikamfikia Kylie, akasikiliza sekunde chache, akasema naitaka. Ikawa namba moja kwenye nchi kama 40. Kuchagua wimbo ni kazi, wakuu. Demo ile ilikuwa mezani kwa wengine na hawakuona kitu. Na ukiisikiliza utaona kwa nini ilihitaji mtu wa aina yake, hakuna kiitikio cha kupasua koo, ni ile "la la la" inayozunguka bila haraka, na anaimba kwa ubaridi fulani wa mtu aliyenasa na hataki kujinasua. Ukiweka mtu wa kupanda na kushuka na sauti pale, wimbo umekufa.

Hoja ya sauti nayo nimeshaigusa, nyembamba, ndiyo, hakuna anayesema yeye ni Whitney Houston. Pop haijawahi kuwa mashindano ya pumzi.

Kuhusu maprodyuza naongeza moja tu. 2004 alichukua Grammy kwa Come into My World, na 2005 akagundulika na saratani ya matiti, ziara ikakatwa katikati, na Novemba 2006 akawa amerudi jukwaani Sydney. Baada ya hapo amefanya kazi na watu tofauti kabisa, prodyuza Stuart Price kwenye Aphrodite 2010, waandishi wa Nashville, mji wa muziki wa country Marekani, kwenye Golden 2018 ambayo kila wimbo mpya mle kashiriki kuuandika. Ikaja korona, studio zimefungwa, akajifunza programu ya kurekodi na akawa anajirekodi sauti nyumbani kwake kwa ajili ya Disco ya 2020, mpaka kwenye orodha ya mafundi wa sauti jina lake lipo. Albamu hiyo ikamfanya msanii wa kwanza wa kike anayeimba peke yake, si kwenye kundi, kushika namba moja Uingereza katika miongo mitano mfululizo. Prodyuza gani huyo wa kumbeba miongo mitano, wakati maprodyuza wenyewe wanabadilika kila albamu? Kitu pekee ambacho hakijabadilika kwenye kazi zote hizo ni yeye.

Halafu 2023 ikatoka Padam Padam, anaingia miaka 55. Vijana wakaipokea mitandaoni, ikaingia kumi bora Uingereza, na bado ukazuka mjadala mkali kule kwa sababu redio ya vijana ya BBC mwanzoni haikuwa inaipiga, mpaka shinikizo lilipokuwa kubwa ndo ikaongezwa. Wale vijana waliokuwa wanaicheza hawakuwa wamezaliwa harusi ya Charlene inaonyeshwa. Februari 2024 wimbo huo ukachukua Grammy ya kwanza kabisa ya kipengele kipya cha pop ya kudansi, miaka 20 baada ya ile ya kwanza yake. Kwa redio ile, umri tu ndo ulikuwa umechukua nafasi ya Neighbours kama sababu ya kutomsikiliza.

Kwahiyo maswali yangu kwa wanaopinga ni haya, na naomba mjibu moja moja bila kuruka. Kama alibebwa na tamthilia, Marekani alibebwa na nini? Kama alibebwa na Stock Aitken Waterman, mbona hiti yake kubwa zaidi imekuja karibu miaka kumi baada ya kuwaacha? Na kama kuimba wimbo ulioandikwa na mwingine kunamfuta mtu kwenye orodha ya wanamuziki, mko tayari kumfuta na Elvis Presley, au sheria hii ni ya wanawake waliotoka kwenye runinga tu? Aliyesikiliza Impossible Princess yote na bado anaona alibebwa, huyo nataka kumsikia wa kwanza.