Ngazi ya kugeuka kwenye nafasi ya sm 275: pumziko au vidato vya kabari?

Jenga_Taratibu
Habari zenu wakuu. Nyumba imefika hatua ya slabu na ngazi inanitoa jasho. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni sm 300. Nafasi niliyoacha ina upana wa sm 200 na urefu wa sm 275. Nataka igeuke nyuzi 180, njia iwe sm 90. Fundi anasema pumziko (jukwaa bapa la kugeukia katikati ya ngazi) haliingii, tuweke vidato vya kabari, vile vipana ukutani na vyembamba ndani, kona zote mbili. Mama anaishi nasi na magoti yake mabovu. Mngechagua nini?

Zege_Bichi
Fundi wako hesabu anazijua. 300 gawa kwa vimo 17 (kimo ni urefu wa kupanda wa hatua moja), kila kimo sm 17.65. Mkanyagio, yaani kina cha pale unapoweka mguu, ukiwa sm 28, vimo viwili na mkanyagio mmoja vinafika 63.3, na ngazi nzuri hukaa kati ya 60 na 65. Shida ni kwamba 17 haigawanyiki: 8 chini ya pumziko, 9 juu. Vimo 9 vina mikanyagio 8, kwa kuwa wa mwisho ni sakafu yenyewe. 8 × 28 ni 224, ongeza pumziko 90, unapata 314. Kabari sita badala ya pumziko zinabakiza mikanyagio 5 kila upande, zinakushusha hadi 230.

Kona_Kali
Mimi nakaa na kabari, mkuu, nisikilize. Kwa njia ya sm 90, kabari ya nyuzi 30 ina kama sm 47 ukutani, 23.6 katikati, na sifuri kwenye nguzo ya ndani. Kupanda si neno. Shuka usiku umebeba mtoto, ndipo utajua: mguu unatafuta upande wa ukuta, lakini reli ya kushika iko upande wa ndani, kule kwembamba. Kabati letu lilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani.

Mpole
Na ya konokono, nguzo moja katikati?

Kona_Kali
Hiyo ni kabari kuanzia chini mpaka juu. Mama ana magoti, ndugu yangu.

Pima_Mara_Mbili
Changanya: kona moja kabari tatu, nyingine kipande bapa kama pumziko dogo. Inakuja 258. Au baki na pumziko zima, mkanyagio upunguze uwe 23, unapata 274.

Zege_Bichi
23 hapana. Jumla inashuka hadi 58.3, na wakati wa kushuka mtu anakanyagia nusu ya mguu.

Bi_Ramani
Mbona wote mmeng'ang'ania 17? Wekeni vimo 16. Kila kimo 18.75, yaani mama anaongezewa sm 1.1 kwa hatua. Sasa inagawanyika 8 na 8, kila upande mikanyagio 7. Ukiifanya 26, ni 182, na pumziko 90, jumla 272. Kanuni inatoa 63.5. Pua (ukingo wa kidato unaotokeza mbele) ya sm 2 itampa mguu nafasi zaidi bila kula urefu wa ngazi. Magoti yatauhisi huo mwinuko, sikatai, lakini katikati ya safari ana mahali pa kusimama na kupumua. Hilo kabari haimpi.

Zege_Bichi
Nimekubali, hiyo sikuiona. Ila angalia umaliziaji. Kama sakafu zote mbili zitaongezeka sm 5 kwa lipu na vigae, na vidato sm 2 tu, kimo cha kwanza kitabaki 15.75 na cha mwisho kitakuwa 21.75. Watu watajikwaa hapo kila siku. Zege la vidato vyote na pumziko, kuanzia kidato cha kwanza, limwagwe juu zaidi kwa sm 3. Na tundu la ngazi kwenye slabu ya juu litoshe kichwa kisigonge: slabu ikiwa na unene wa sm 20 pamoja na umaliziaji, juu ya kidato cha nne una sm 205, cha tano 186 tu. Kuanzia cha tano pawe wazi.

Jenga_Taratibu
Asante Bi_Ramani. Nimechora kwa chaki, mama amejaribu kukanyaga 26, hajalalamika. Swali moja: 275 nilipima kwenye tofali tupu.

Bi_Ramani
Plasta itakula kama sm 2 upande wa pumziko. Unabaki na 273, na ngazi ni 272. Kigae cha kimo cha kwanza nacho kina unene wake. Mwambie fundi asimwage kabla plasta ya ukuta ule haijakauka, apime upya.