Ushauri wakuu: SSD ya TB 2 kwa 95,000 au ya TB 1 kwa 210,000?

Jicho la Sherehe
Wakuu habari za jioni. Nimepata laptop mpya, ina diski ya GB 256 tu na mimi naediti video, yani nafasi inaisha kabla sijakaa sawa. Kuna duka Kariakoo wana SSD (diski ya chipu) ya NVMe, ile aina ya kasi, ya TB 2 kwa 95,000, imeandikwa spidi 7,000 MB kwa sekunde. Duka lingine wana Samsung 980 ya TB 1 wanataka 210,000. Hesabu inanipeleka kwenye TB 2 ila roho inasita. Naombeni majibu leo leo, usingizi sina.

Mzee wa Bisibisi
Laptop gani? Bila modeli tunapiga ramli.

Kokoto
Achana na SSD, ongeza RAM. Mimi nilikuwa na mashine ya GB 4, ukifungua Chrome unaenda kuchota maji unarudi bado inazunguka, nikaweka 16 nikaona maisha. Hadi leo wife anaitumia na wateja wake wa vitenge.

Jicho la Sherehe
ThinkPad T480, RAM GB 8.

Mzee wa Bisibisi
Basi sikiliza. Kwenye T480 diski inakaa sehemu ya inchi 2.5, ukitaka NVMe inaingia na adapta yake, na ile adapta inatumia njia mbili tu za PCIe 3.0, yani njia za kupitishia data. Maana yake hata uweke ya 7,000 hupati hata 2,000. Usilipie spidi ambayo mashine haiwezi kuila. Wewe unayejaza na kufuta video kila wiki angalia aina ya chipu na TBW, yani jumla ya TB utakazoandika humo ndani ya waranti. Crucial P3 ya TB 1 ni QLC, chipu inayochakaa mapema, TBW yake 220. Hiyo Samsung 980 ya TB 1 ni TLC, inayovumilia zaidi, TBW 600. Mimi ningechukua hiyo nikalala. Na ukifungua mashine anzia BIOS, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, uzime betri ya ndani, T480 ina betri mbili, ukitoa ya nje bado umeme upo.

Mama Wawili
Mwanangu, rahisi ni ghali. Mimi nilinunua flashi ya TB 1 kwa elfu ishirini nikaweka picha za mahafali ya binti yangu. Majina ya picha yote yapo, ukifungua ni kijivu tupu. Binti alilia mpaka nikaona aibu. Usiendekeze tamaa.

Jicho la Sherehe
Pole sana mama. Ila huyu muuzaji nimeongea nae vizuri, katoa waranti mwaka mzima. Na nimeichomeka imesoma 1.81 TB ambayo ndiyo TB 2 yenyewe kwenye Windows, kwahiyo feki sio.

Mzee wa Bisibisi
Umeichomeka? Kumbe unayo tayari?

Jicho la Sherehe
Nimeinunua juzi, iko kwenye kava la USB. Nilitaka kujua tu kama niifunge ndani au niirudishe. Bei ile mngeiona na nyie msingeiacha.

Dada Lenzi
Kaka, mimi pia napiga harusi. Kuna nini ndani ya hiyo SSD sasa hivi?

Jicho la Sherehe
Kuna kazi kidogo.

Dada Lenzi
Kazi gani? Na memori kadi ziko wapi?

Jicho la Sherehe
Sendoff ya Alhamisi. GB 140 hivi. Kadi nimezifomati maana Jumamosi nina harusi ya watu walewale na sikuwa na kadi nyingine. Hela ya kadi ndiyo niliyonunulia SSD. Mnisamehe, niliona nikisema mwanzo mtanishambulia.

Kijiti
Pakua H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, uijaze yote uone, ukweli utaujua.

Mzee wa Bisibisi
HAPANA! Usijaribu chochote sasa. SSD feki imechezewa programu yake itaje TB 2 wakati chipu ni ndogo, labda GB 120 tu. Ikijaa inaandika juu ya vya zamani au inapokea na kutupa, na haikwambii. H2testw inajaza nafasi iliyobaki, utafuta sendoff ya watu kwa mkono wako. Kopi kwanza kila kitu kwenda diski nyingine, cheza klipu moja moja hadi mwisho. Na hizo kadi usipige nazo hata picha moja.

Chumvi
Chai. Laptop "mpya" T480 ya 2018, akaunti ina siku tatu, harusi anaediti na RAM 8, halafu Samsung inasifiwa humuhumu. Huyu anauza SSD na Mzee ni mwenzake.

Kokoto
Nilihisi. Na sukari kaweka nyingi.

Jicho la Sherehe
Mpya kwangu mimi, ni mtumba wa Dubai. Sina cha kuuza ndugu yangu, nina deni la watu. Chumvi niulize chochote nikujibu.

Chumvi
Itoe kwenye kava. Upande wa meno ya dhahabu kuna pengo moja au mawili?

Jicho la Sherehe
Nimetoa. Mapengo mawili, moja kila upande. Stika inabonyea, nimeinua kona kidogo, chini naona chipu moja tu nyeusi na nafasi nyingine za solda hazina kitu.

Chumvi
Samahani kaka, nimekuhukumu. Mapengo mawili ni SATA, ile aina ya zamani, au NVMe ya njia mbili. SATA inaishia kama 550, njia mbili hazifiki 7,000 hata kwa PCIe 4.0. Stika inadanganya. Irudishe, lakini kopi kwanza.

Dada Lenzi
Niko Mwenge. Kadi zangu mbili za GB 128 uzitumie Jumamosi, nitumie ujumbe pembeni.

Jicho la Sherehe
Mungu akubariki dada. Nimekopi usiku kucha kwenye kompyuta ya shemeji. Klipu ziko 61, 52 zimecheza hadi mwisho, 9 hazifunguki, zote za mwishomwisho. Mojawapo ni mama anamkabidhi binti yake na kulia.

Mzee wa Bisibisi
Kadi ikifomatiwa kwenye kamera mara nyingi video hazifutwi, ni orodha tu. Tumia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ni ya bure, na unachookoa kiandike kwenye diski ya shemeji, sio kwenye kadi. Video ndefu zinaweza kutoka vipandevipande, usikate tamaa mapema.

Jicho la Sherehe
Imeanza. Kadi ya kwanza imefika robo, faili 11 za video zimeshatoka. Shemeji anataka kompyuta yake ya kazini saa mbili, nimemwomba achelewe.

Mama Wawili
Mwambie mama Wawili kamwombea ruhusa. Tupo hapa.