Kiraro ni zizi ao ni daraja? Daftari ya koko inatugombanisha

Mtoto_wa_Himbi (Goma): Bandugu, naomba ushauri. Mwaka 2021, tulipokimbia mlima wa moto Nyiragongo kuelekea Sake, mama alibeba vitu viwili tu: sufuria na daftari ya koko, babu yetu. Leo daftari hiyo ndiyo inatuletea maneno nyumbani. Koko aliandika kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyarwanda kwamba shamba la mama kule Masisi linatoka barabarani "mpaka kwa kiraro". Mama anasema kiraro ni lile daraja la miti kwenye kijito. Mjomba anasema hapana, ni zizi la zamani, juu karibu na mikaratusi. Kati ya pale na pale unaweza kuweka uwanja wa mpira. Binamu yangu naye anaapa kwamba neno lilitoka kwa Wazungu, eti ni "kraal" iliyoharibika. Nimwamini nani?

Veterineri_Mzee: Mama na mjomba, hakuna anayesema uongo. Kwa Kinyarwanda ikiraro ni daraja, na ikiraro ni zizi pia. La zizi linaeleweka vizuri: kurara ni kulala, r yao ni l yetu, basi kiraro ni pale ng'ombe wanapolala. Binamu ndiye amepotea. Kraal, yaani zizi, ni neno la Waholanzi wa Afrika Kusini, waliolipata kwa Wareno, wanaosema curral. Sisi wa kazi ya mifugo tunalitumia kila siku, lakini na kiraro yanafanana sauti tu, hayana undugu.

Mama_Maziwa: Umenikumbusha baba mkwe! Yeye alibisha mpaka kufa kwamba "boma" ni herufi za kwanza za jina la ofisi ya Waingereza. Wakati Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alikwisha kuliandika katika kamusi yake ya Kiswahili ya 1882: ukuta ao uzio wa miti, mawe, hata miiba. Ofisi zilikuja nyuma, zikajiita boma kwa sababu zilizungushiwa uzio.

Sasa wewe, mwanangu, usiende kwa chefu na kamusi mkononi. Soma daftari yote, siyo mstari mmoja. Mtu wa ng'ombe akitaja zizi hawezi kunyamaza, atataja na vitu vyake.

Mushi_wa_Bukavu: Na panda kule juu ukaone udongo. Zizi likihama, mbolea inabaki: udongo mweusi, majani mazito kuliko pembeni. Daraja la miti, mvua inalibeba, kesho wanalijenga hatua kumi chini. Mimi singepimia mpaka hapo. Tafuta pia mzee mmoja aliyechunga pale, asiye wa upande wa mama wala wa mjomba.

Mtoto_wa_Himbi: Aksanti wakubwa. Usiku nimesoma kurasa zote na tochi ya simu. Ukurasa wa pili, chini, wino umefifia: "kiraro, pale gicaniro iliwaka". Gicaniro ni nini?

Veterineri_Mzee: Ni moto wa jioni wa ng'ombe. Wanauwasha zizini, moshi unafukuza nzi. Darajani hakuna gicaniro, mwanangu.

Mtoto_wa_Himbi: Basi ni mjomba. Nimemsomea mama ule mstari mara mbili. Hakujibu kitu. Amechukua daftari, ameirudisha ndani ya sufuria, akafunika.