Mwembe dodo unatoa gundi na gome limezama: nikate au utapona?

Kiambo_Mikindani
Wakuu, habari za leo. Kuna mwembe dodo mkubwa uani hapa Mikindani. Usawa wa kiuno shina linatoa gundi ya kahawia, gome limezama na kupasuka pembeni, kidonda kina urefu wa viganja viwili hivi. Juu yake, upande huohuo, tawi moja limekauka na majani yake yamegoma kuanguka. Mkorosho ulio karibu nao unakauka matawi kuanzia nchani. Mmoja anasema tupulize salfa, mwingine anasema tupake oili chafu. Lipi sahihi?

Bwana_Shamba_Ligula
Mkuu, salfa weka kando. Ile ni ya ubwiriunga, ukungu unaokaa juu ya majani machanga na maua. Huu wa kwako uko ndani ya gome na mti wenyewe, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoufikia.

Kwanza angalia gundi vizuri. Ikiwa imechanganyika na unga kama wa msumeno, au kuna matundu, huyo ni bungua wa shina, mdudu anayetoboa mti. Mtafute kwenye njia yake umtoe kwa waya. Gundi tupu, gome likiwa limezama na kuwa na vidoadoa vyeusi vidogo kama vichwa vya pini, hapo ni kuvu. Kwenye miembe na mikorosho mara nyingi ni Lasiodiplodia theobromae, ambaye huingia kupitia jeraha na kushambulia zaidi mti uliokwisha kudhoofika.

Kisha chukua kisu kikali, kwangua kidogo sana ukingoni. Gome hai lina rangi ya kijani au maziwa na lina unyevu. Lililokufa ni kahawia na linanuka uchachu. Ukishapata mpaka, uchore kwa rangi kuzunguka kidonda na uandike tarehe (usipigilie msumari!). Baada ya miezi mitatu, ukahawia ukivuka mstari, ugonjwa bado unatembea. Zungusha kamba pia upime: sehemu iliyokufa ikizidi nusu ya mzunguko wa shina, na mti umeelekea kwenye paa, uondoe.

Fundi_Msumeno
Naongezea upande wa kukata. Mvua zikishakatika ndiyo wakati, kabla mwembe haujatoa maua. Ukikata mvua ikinyesha, matone yanarusha mbegu za kuvu moja kwa moja kwenye kidonda kibichi.

Tawi zito usilikate kwa mkupuo mmoja, litachana gome hadi shinani. Anza chini yake, sentimita 30 kutoka shinani, uingize msumeno theluthi moja. Kata ya pili kutoka juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, tawi litaanguka. Kisiki kilichobaki ukikate nje tu ya ule uvimbe unaounganisha tawi na shina. Ukiukata uvimbe umeharibu kila kitu, maana hapo ndipo mti unapojengea ukuta wake.

Tawi likifa nchani tu, shuka angalau sentimita 15 chini ya mwisho wa ukahawia, halafu tazama uso wa mti uliokatwa. Ukiona kipande cha kahawia kama kipande cha keki, bado. Shuka hadi panda inayofuata. Futa msumeno kwa spiriti kila unapohama tawi. Jiki nayo inafaa, ila inakula chuma, hivyo suuza na upake mafuta. Matawi yaliyokatwa yachome mbali na miti. Yakibaki chini, mvua ijayo yatatoa mbegu upya.

Kiambo_Mikindani
Asanteni sana. Na oili chafu?

Fundi_Msumeno
Hapana kabisa. Inaua gome hai la ukingoni, ambalo ndilo linalotakiwa kufunika kidonda. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Unaifungia sehemu mbovu ndani. Kata safi iache wazi, ikauke.

Bwana_Shamba_Ligula
Kwa kata safi nakubali. Kwa kidonda cha shinani kilichokwanguliwa, mimi bado napendekeza uji wa mrututu (kopa salfeti). Gramu 100 za mrututu kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, ndoo ya plastiki. Gramu 100 za chokaa iliyozimwa kwenye nusu lita nyingine. Mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari unaong'aa kwa dakika moja: ukitoka na utando mwekundu, chokaa haijatosha, na uji huo utaunguza gome. Chokaa ya zamani iliyoachwa wazi ndiyo huleta tatizo hili. Vaa glovu, tumia siku hiyohiyo, mabaki usimwage kisimani wala baharini.

Lakini mkuu, uliza kwa nini mwembe umedhoofika. Takataka zinachomwa chini yake? Saruji imefika shinani? Kuna panga linapigwapigwa pale? Usipoondoa hilo, mrututu ni kazi bure.

Mama_Miche_Lindi
Kuhusu mkorosho: angalia machipukizi kama yana mabaka meusi marefu. Huyo ni mbu wa mikorosho, anafyonza, na kuvu hufuata kwenye majeraha yake. Usipomdhibiti majani mapya yakitoka, utapogoa kila mwaka. Ila tawi zima likigeuka manjano na kunyauka haraka bila gundi, shuku mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni. Usihamishe udongo wala miche kutoka hapo. Peleka TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kipande cha gome chenye upande hai na upande mfu, kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa nailoni kitaoza njiani.

Wenye mivinje ufukweni nao wakague: gome likivimba malengelenge na kutoa unga mweusi, mti huo hautibiki. Ung'oeni mapema kabla unga haujapeperuka kwenda kwa mingine.