Kura 11 za ndiyo na azimio linaanguka: turufu inahesabiwaje?

Msomaji_Kura
Wakuu, naomba ufafanuzi. Februari 25, 2022 rasimu kuhusu Ukraine ilipata kura 11 katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ikaangushwa na hapana ya Urusi. Siku mbili baadaye Urusi ikakataa tena, ila safari hii azimio likapita kwa kura zile zile 11. Imekuwaje? Na mjumbe wa kudumu (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi au China) akijizuia, je, azimio linakufa?

Kifungu27
Ndugu, tofauti iko kwenye aina ya suala. Masuala ya utaratibu yanahitaji kura 9 kati ya 15, bila kujali ni za nani. Mengine yote yanahitaji kura 9 na pasiwe na hapana ya mjumbe wa kudumu, ambayo ndiyo turufu. Azimio 2623 la Februari 27 liliitisha tu kikao cha dharura cha Baraza Kuu, na kuitisha kikao ni utaratibu, kwa hiyo hapana ya Urusi ilikuwa kura moja tu. Uingereza na Ufaransa yaliwakuta hayo hayo mwaka 1956 kuhusu mgogoro wa Mfereji wa Suez.

Kujizuia hakuangushi azimio. Ukisoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa neno kwa neno utadhani wajumbe wa kudumu wote watano lazima wakubali, lakini mazoea ya Baraza yalikwenda njia nyingine, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikayathibitisha mwaka 1971 katika suala la Namibia. Ndiyo maana azimio 1973 la Libya lilipita mwaka 2011 kwa kura 10, China na Urusi zikiwa zimejizuia.

Rasimu_ya_Buluu
Naongezea kosa ambalo hata magazeti hulifanya: si kila hapana ya mkubwa, yaani mjumbe wa kudumu, ni turufu. Desemba 30, 2014 rasimu kuhusu Palestina ilipata ndiyo 8, hapana 2 (Marekani na Australia), na nchi tano zikajizuia, Nigeria na Rwanda zikiwemo. Iliishia kura moja chini ya 9, hivyo Marekani haikutumia turufu. Soma kumbukumbu za kikao: rais wa Baraza akitaja kura ya hapana ya mjumbe wa kudumu, hiyo ni turufu; akisema rasimu haikufikisha idadi ya kura zinazotakiwa, basi siyo.

Kwa mkubwa, rasimu kufia kwenye 8 ni nafuu kubwa. Tangu Aprili 2022, turufu ikipigwa Baraza Kuu hukutana ndani ya siku 10 za kazi kuijadili. Kwa hiyo shinikizo huwaangukia wale kumi wasio wa kudumu, na kwa maoni yangu hapo ndipo panapostahili kutazamwa zaidi.

Kifungu27
Kweli kabisa. Na turufu nyingi hazipigwi kamwe, hutishiwa tu. Rasimu inapozungushwa, "linalaani" linageuka "lina wasiwasi", vikwazo vinatolewa, Sura ya VII ya Mkataba, inayoruhusu hatua za lazima, inafutwa. Ikichapwa kwa wino wa buluu, yaani iko tayari kupigiwa kura, bei imeshalipwa. Linganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho, utaona nani alitishia nini.

Msomaji_Kura
Asanteni. Na uteuzi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa?

Rasimu_ya_Buluu
Huo si utaratibu, turufu inafanya kazi. Mwaka 1981 China ilimzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, raundi 16, Marekani nayo ikamzuia Salim Ahmed Salim wa Tanzania. Wote wawili walipokaa pembeni, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.