"Wewe, unaoga kweli?" Nimeulizwa hivyo mlango wazi, benchi zima linasikia!

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Natoka sasa hivi pale zahanati, huku kwetu Mbagala. Mnaijua, sina haja ya kuitaja. Na daktari mnamjua. Yule wa simu.

Nina vipele vya duara ubavuni na kiunoni, vinawasha usiku mpaka najisugua ukutani. Nimelipia faili, nimelipia kumuona daktari, nimekaa foleni mpaka makalio yamekufa ganzi. Naingia, sijafungua hata kifungo kimoja cha shati, macho yake yako kwenye simu, mlango uko wazi, ananiuliza kwa sauti ya mnadani: "Wewe, unaoga kweli?"

Unaoga kweli! Benchi lote limegeuka. Kina mama na watoto wao, mzee na fimbo yake, hadi kijana anayetembeza karanga nje kasogea asikie jibu!

Naoga asubuhi, naoga usiku. Joto hili la Dar, nani analala bila kuoga?

Vipele vyenyewe hajavitazama. Kaandika nikapime taifodi na UTI. Ugonjwa uko ubavuni, mimi napewa kikopo cha mkojo! Pale hata ukipeleka simu iliyopasuka kioo itakutwa na UTI. Na hadubini wanayo maabara, nimeiona, si wangenikwangua ngozi kidogo waangalie kama ni fangasi? Majibu yametoka: "taifodi kidogo". Taifodi kidogo ndiyo nini? Dirisha la dawa wananiandalia sindano za masaa, nimezikataa, nimeondoka na tyubu ya kupaka. Wa duka la dawa mtaani kwetu ndiye aliyesema vua shati nione. Kaitazama ile tyubu, akaniambia hii ni betamethasoni, steroidi, usipake. Kama ni fangasi muwasho utapoa kwanza halafu vitatambaa mwili mzima. Sasa daktari ni nani hapo?

Hela imekwenda, sawa. Lakini unaoga kweli? Mbele ya mama ambaye tunachota naye maji bomba moja!

Mnyamwezi wa Temeke: Maelezo marefu mkuu. Una mashahidi kwamba unaoga?

Binti Kisarawe: Pole kaka. Huyo alimwambia dada yangu ana UTI kabla hata hajajibu salamu. Mimi nilipeleka mtoto chanjo, nikatoka na cheti cha taifodi.

Kichwa Ngumu: Uzi wa vipele bila picha? Futa.

Sindano Haiumi: Nipo duka la dawa, huyo mwenzangu kakwambia kweli. Duara lenye kingo zilizoinuka na katikati pamesafika, mara nyingi ni fangasi. Paka klotrimazoli, dawa ya fangasi, mara mbili kwa siku, na vikipotea usiache hapohapo, endelea hata wiki mbili. Ila kama kuna mwingine nyumbani anajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele wenyewe, ule wa kuambukizana (skabisi). Huo dawa yake nyingine, na nyumba nzima mnapaka siku moja, mashuka na nguo mnafua. Nenda hospitali ya wilaya uombe ukwanguliwe, wakishindwa watakupa rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili. Hiyo betamethasoni ndiyo wanayochanganya dada zetu kwenye mkorogo.

Binti Kisarawe: Dada zetu tu? Kaka zenu wa Kinondoni hawapaki?

Mzee wa Kigamboni: Mnaongelea kuoga, maji yako wapi? Bomba la kwangu linatoa upepo. Mwenye nyumba anatuuzia ya kisima, chumvi tupu, sabuni haitoi povu. Mtu akiota vipele huku, wa kulaumiwa ni mwenye nyumba.

Mleta uzi: Mkuu, maji si mada. Mada ni mlango. Angefunga mlango! Angeuliza kwa sauti ya chini!

Konda Mstaafu: @Mzee wa Kigamboni wako afadhali. Wangu saa 4 usiku anazima umeme nyumba nzima, eti pasi zetu zinamaliza luku.

Binti Kisarawe: Luku ya kuchangia ni laana! Tupo wapangaji sita, mmoja ana friji la kuuza barafu, na anatoa sawa na mimi mwenye balbu na chaja.

Mnyamwezi wa Temeke: Mwenye friji atoe nusu ya bili. Hakuna mjadala.

Konda Mstaafu: Nusu? Barafu anapeleka sokoni, hela anatia mfukoni, halafu atoe nusu? Atoe yote.

Mleta uzi: Jamani, mtu kaniuliza kama naoga. Mbele ya watu!

Kichwa Ngumu: Picha bado.

Sindano Haiumi: @Binti Kisarawe mita ndogo zipo Kariakoo, kila chumba mnafunga ya kwake, ugomvi unaisha. Sisi ndivyo tunavyoishi.

Binti Kisarawe: Tulinunua. Mwenye nyumba kakataa, eti ukuta wake hautobolewi. Ukuta wenyewe mchanga mtupu, ukiegemea unaondoka nao mgongoni!